Siri ya Kiwandani na Mgonjwa wa Zahanati

Mwezi huu tulikusudia kuendelea na mazungumzo yetu juu ya chakula cha mtoto anayeachishwa ziwa. Tunaomba radhi kwamba tumeyaahirisha. Limetokea jambo katika zahanati yetu ambalo limetulazimisha kukaa chini, kuulizana, na hata kusoma mambo ya sheria ambayo kwa kawaida hayatuhusu sisi watu wa vidonge na sindano.

Jioni moja wakati wa masika aliletwa mtoto wa kiume wa miaka minne, amebebwa mgongoni na mama yake mkubwa. Mate yalimtoka bila kukoma, jasho lilimtiririka, na mboni za macho yake zilikuwa zimesinyaa kama ncha ya sindano. Mtawa aliyekuwa zamu akauliza, "Mama, mtoto amekunywa nini?"

"Ni dawa ya nyanya, Sista. Baba yake aliiweka kwenye chupa ya soda nyuma ya mlango."

"Na huko nyumbani mmempa nini?"

"Tumempa maziwa na mayai mabichi, tukamtia kidole kooni mpaka akatapika. Ametapika vizuri sana, Sista."

Alisema hivyo kwa fahari kidogo, maana ndivyo tulivyolelewa sote: sumu ikiingia, itolewe. Mate na mboni zile zilitosha kumjulisha daktari wa hospitali ya wilaya, tulikompeleka, kwamba ni sumu ya jamii ya oganofosfati. Sindano za atropini zikaanza kufanya kazi yake na mate yakapungua. Lakini usiku ule ule mtoto akaanza kukohoa na kuhema kwa shida, homa ikapanda. Kilichokuwa kinamtesa sasa ni mapafu.

Asubuhi baba akaleta chupa yenyewe ya dukani, ile kubwa. Karatasi yake ilitaja kiini cha dawa kwa jina na kwa kipimo, gramu 480 katika kila lita. Tukajiuliza, na hiyo sehemu iliyobaki, zaidi ya nusu ya chupa, ni kitu gani? Karatasi ilisema "viungo vingine", basi. Tukampigia simu mwenye duka. Mwenye duka akatupa namba ya wakala wa mjini. Wakala akatujibu kwa upole kabisa kwamba mchanganyiko wa ndani ni siri ya kampuni, na kwamba hata yeye mwenyewe haujui.

Mtoto alipona baada ya siku kumi na moja wodini. Daktari alikisia, na kwa maoni yetu alikisia sawasawa, kwamba dawa ile ilikuwa imeyeyushwa katika mafuta ya jamii ya petroli. Dawa nyingi za kunyunyizia mimea huyeyushwa hivyo, kwa mafuta kama zailini, kabla ya kutiwa chupani. Mtu akiyameza mafuta hayo, hatari yake kubwa ni pale anapotapika, kwa sababu matone yake huingia katika njia ya hewa na kuunguza mapafu. Kule kutapishwa "vizuri sana" ndiko kulikomwongezea mtoto ugonjwa wa pili, ambao pengine ulikuwa mkali kuliko ule wa kwanza.

Kabla hatujaendelea, akina mama na akina baba, shikeni hili. Aliyekunywa dawa ya wadudu, mafuta ya taa au petroli asitapishwe nyumbani. Asipewe maziwa wala mayai kama dawa. Mvueni nguo zilizolowa, mwosheni ngozi kwa maji na sabuni, mkimbizeni penye tiba, na chupa mje nayo. Hiyo chupa ni muhimu kuliko mnavyodhani. Mgonjwa wa oganofosfati anayehema kwa shida hupewa oksijeni haraka, na ni sawa kabisa. Lakini aliyekunywa parakwati, ile dawa ya kuua magugu, oksijeni ikitolewa ovyo humharibu mapafu zaidi, hata daktari huisubirisha mpaka hali iwe mbaya sana. Wagonjwa wawili, wote wameletwa na ndugu wanaosema "amekunywa dawa ya shamba", na kinachomsaidia mmoja kinamdhuru mwingine. Asiyejulishwa jina la sumu anatibu akiwa amefungwa kitambaa machoni.

Basi baada ya tukio lile tulikuwa na hasira. Mmoja wetu alisema siri za viwanda zifutwe zote kwa sheria, kila kiungo kiandikwe kwenye chupa, na asiyetaka asiuze. Tulibishana naye jioni nzima. Mwishowe hatukukubaliana naye, na tungependa kueleza kwa nini, maana jambo lenyewe si jepesi kama linavyoonekana ukiwa wodini.

Yupo mama mmoja hapa parokiani anayeuza bizari ya pilau katika vipakiti. Amesomesha watoto kwa bizari hiyo. Hajamwambia mtu anatia nini na kwa kipimo gani, na hakuna anayemwona mchoyo, maana akisema leo, kesho soko zima litauza bizari yake. Siri ile ni mali yake kama lilivyo shamba lake. Kampuni iliyotumia miaka mingi na fedha nyingi kutafuta mchanganyiko wa dawa inayo haki ya namna hiyo hiyo, hata kama ni tajiri na iko mbali.

Tena kuna jambo ambalo sisi hatukulifikiria mwanzoni. Serikali haiwezi kupima kama dawa ni salama bila kuambiwa kila kilichomo. Ni lazima kampuni ifungue moyo mbele ya ofisi ya serikali. Sasa ikiwa ofisi hiyo ni kikapu kinachovuja, nani atasema kweli yote? Mwaka 1982 huko Marekani shirika la serikali la hifadhi ya mazingira, liitwalo kwa kifupi EPA, lilimpa kwa makosa mwanasheria wa kampuni shindani karatasi zenye mchanganyiko wa Roundup, dawa ya magugu ya kampuni ya Monsanto ambayo hata wakulima wetu wanaifahamu. Hebu fikirieni kelele zilizofuata. Ofisi isiyotunza siri hujifundishia watu wa kuidanganya, na hasara humwangukia mkulima na mtoto wake. Ndiyo maana sheria ya huko inamtishia kifungo afisa anayetoa siri za namna hiyo kwa makusudi, nasi tunaona ni haki.

Mwezi Juni 1984 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliamua kesi ya kampuni hiyo hiyo dhidi ya mkuu wa EPA. Ilisema kwamba siri ya biashara ni mali inayolindwa na katiba, na kwamba serikali iliyoahidi kuitunza haiwezi kuitoa bila fidia. Lakini iliongeza neno ambalo sisi tunalipenda zaidi: aliyeleta habari zake ofisini akijua kwamba sheria inaruhusu zitolewe, hawezi kulalamika baadaye kuwa ameibiwa. Yaani siri ni mali, lakini mpaka wa shamba hilo unaweza kuwekwa na sheria, mradi mwenye shamba ameonyeshwa mpaka kabla ya kupanda.

Miezi sita haikutimia, dunia ikaonyeshwa kwa nini mpaka huo unahitajika. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, katika mji wa Bhopal nchini India, tani 40 hivi za gesi ya methili isosayaneti zilivuja kutoka kiwanda cha dawa za wadudu cha Union Carbide. Watu wa vibanda vya jirani waliamka wakikohoa, macho yakiwaka moto, wakakimbia gizani bila kujua wakimbilie wapi. Hospitali zilifurika kabla ya mapambazuko. Madaktari waliwapokea maelfu ya wagonjwa bila kuambiwa kwa uwazi gesi ile ni nini hasa, inafanya nini mwilini, na dawa yake ni ipi. Kwa miezi kadhaa walibishana kama wawape wagonjwa dawa inayotumika kwa sumu ya sayanidi au wasiwape, huku watu wanaendelea kufa. Serikali ya jimbo la Madhya Pradesh ilithibitisha vifo 3,787. Wengine wanahesabu mara nyingi zaidi ya hapo, na walioathirika wanapita nusu milioni.

Hatusemi kwamba siri ndiyo iliyovujisha gesi. Tunasema kwamba kutojua kulimfuata mgonjwa mpaka kitandani, na huko hakukuwa na mshindani wa biashara yeyote wa kuogopwa.

Wamarekani waliogopa, kwa sababu kampuni hiyo ilikuwa na kiwanda kwao pia, katika jimbo la West Virginia, na mwezi Agosti 1985 nacho kikavujisha kemikali, watu zaidi ya mia wakahitaji matibabu. Mwaka 1986 bunge lao likatunga sheria ya kuvitaka viwanda vitoe taarifa kwa serikali na kwa wananchi juu ya kemikali za hatari vinazoziweka ghalani na zile vinazozitupa hewani na majini. Tuliisoma sheria hiyo kwa shauku, hasa sehemu inayohusu siri. Haikuzifuta siri. Kampuni inaruhusiwa kuficha jina kamili la kemikali mbele ya watu wote, lakini ni lazima ilete sababu zake tangu mwanzo, ionyeshe kwamba washindani hawawezi kulijua jina hilo kwa njia nyingine, na badala ya jina itaje jamii ya kemikali hiyo. Anayedai siri ya bure bure aliwekewa faini ya dola 25,000 kwa kila dai. Jambo la ajabu ni kwamba baada ya hapo madai ya siri katika taarifa hizo yakawa machache mno.

Na kwa daktari au muuguzi, sheria hiyo ilisema hivi: panapokuwa na dharura, kampuni itamtajia jina la kemikali papo hapo. Asiambiwe kwanza atie sahihi. Karatasi za kuahidi kutunza siri zitafuata baadaye, mgonjwa akishapata tiba. Sista wetu aliposikia sehemu hiyo aliomba isomwe tena.

Linganisheni na sheria nyingine ya huko huko, ya mwaka 1976, inayosimamia kemikali mpya za viwandani. Hiyo kwa miaka mingi haikumtaka mtu alete sababu mapema. Mwaka 2005 wakaguzi wa bunge la Marekani waliandika kwamba taarifa 95 hivi katika kila 100 za kemikali mpya zilikuwa na kitu fulani kilichodaiwa kuwa ni siri. Mtu akipewa muhuri wa "siri" bila kuulizwa, atagonga kila karatasi. Hata sisi tungefanya hivyo. Ilirekebishwa mwezi Juni 2016. Siku hizi sababu huletwa mapema, dai la siri huisha baada ya miaka 10 lisipotetewa upya, na uchunguzi unaohusu afya ya watu haufichwi kwa kisingizio cha biashara, isipokuwa zile sehemu zake zinazofunua namna ya kutengeneza au vipimo vya mchanganyiko.

Kati ya hapo lilitokea la Charleston, mji mkuu wa West Virginia, ambao wenyeji wake yaonekana hawana bahati. Tarehe 9 Januari 2014 tangi la kampuni ya Freedom Industries lilivujia mto Elk, juu kidogo ya mahali mji unapochotea maji ya bomba. Kilichovuja kilikuwa kemikali ya kusafishia makaa ya mawe. Watu wapatao 300,000 wakaambiwa wasinywe maji, wasipikie, wasiogee. Wataalamu walihangaika kupima maji kwa kutafuta ile kemikali waliyotajiwa. Ilipita karibu wiki mbili ndipo kampuni ikasema kwamba ndani ya tangi lile mlikuwa na kemikali ya pili, na katika karatasi zake jina halisi la kemikali hiyo lilikuwa limefunikwa kama siri ya biashara. Siku zote hizo watu walikuwa wanapimiwa kitu kimoja wakati viwili vilikuwa vimemwagika. Mama mwenye mtoto mchanga katika mji ule angeifanyia nini siri hiyo, auze makaa ya mawe?

Turudi kwenye "viungo vingine" vya chupa yetu. Maneno hayo yana historia. Huko Marekani karatasi za dawa zilikuwa zikisema "viungo visivyotenda", na watu wakaelewa kwamba havidhuru. Mwaka 1997 EPA iliwahimiza watengenezaji waandike "viungo vingine" badala yake, kwa sababu kiungo kisichoua mdudu kinaweza kabisa kumdhuru mtu. Majina yake yalibaki siri kwa sehemu kubwa. Hata hivyo dawa yenye mafuta ya petroli au zailini kuanzia sehemu 10 katika 100 hutakiwa huko iseme hivyo kwenye karatasi yake. Kwa hiyo tunaposema kwamba mzazi ana haki ya kujua kuwa ndani mna mafuta yasiyofaa kutapikwa, hatuombi ufunguo wa kiwanda. Mstari mmoja tu unatosha: "Ina mafuta ya petroli. Usimtapishe aliyekunywa." Hakuna mshindani atakayetajirika kwa mstari huo.

Watu wa Ulaya wamepata njia nyingine ambayo sisi tumeipenda zaidi. Kampuni hupeleka mchanganyiko wake kamili kwa ofisi maalumu iliyoteuliwa na serikali, nayo huuweka chini ya ulinzi. Juu ya chupa huandikwa namba ya siri yenye tarakimu na herufi 16. Kwa bidhaa za hatari za nyumbani na za mafundi utaratibu huo ulianza mwaka 2021. Mtoto akinywa, daktari hupiga simu kwenye kituo cha sumu, husoma zile herufi 16, na mara moja huambiwa kilichomo na la kufanya. Mshindani akiisoma namba ile dukani haimwambii lolote. Ni kama kuacha ufunguo wa nyumba kwa jirani mwaminifu: mwizi haupati, na moto ukiwaka mlango unafunguka.

Na sisi je? Dawa za shamba hazisajiliwi nchini bila kampuni kueleza kilichomo. Kwa Tanzania habari hizo ziko Arusha, kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyorithi kazi hiyo kutoka taasisi ya TPRI baada ya sheria ya mwaka 2020. Kenya ina bodi yake. Nchi zote mbili zimo katika Mkataba wa Rotterdam wa mwaka 1998 juu ya biashara ya kemikali za hatari, ambao unasema waziwazi kwamba habari za tahadhari, aina ya hatari iliyomo, na muhtasari wa uchunguzi wa sumu si siri. Kwa hiyo hatuanzi na mikono mitupu. Faili lipo. Kinachotusumbua ni umbali kati ya kabati la Arusha na zahanati yenye taa ya kandili saa tatu usiku. Wakala yule wa mjini hakuwa mtu mbaya. Hakuwa na kitu cha kutupa, na hakuwa na mahali pa kutuelekeza.

Maoni yetu ni kwamba kila chupa ya dawa ya shamba iwe na namba ya simu inayopokelewa usiku na mtu mwenye ruhusa ya kufungua faili, na kwamba muuguzi wa zahanati ahesabiwe kuwa ni mtu wa kuambiwa, si daktari bingwa peke yake. Huku kwetu bingwa yuko mbali kuliko Arusha. Akishaambiwa, atie sahihi ya kutunza siri. Sisi tumezoea kutunza siri za wagonjwa wetu na hatuoni kwamba hiyo ya kampuni itatushinda.

Wako watakaotuambia kwamba tunailaumu kampuni ilhali kosa lilianzia kwenye chupa ya soda nyuma ya mlango. Ni kweli, na baba wa mtoto amekwisha kujilaumu vya kutosha. Ni kweli pia kwamba maduka yetu hupima dawa kwa vikopo na kuwauzia watu katika chupa za maji zisizo na karatasi yoyote, na hapo hata herufi 16 hazisaidii kitu. Msinunue dawa ya namna hiyo. Dawa ya shamba ikae katika chupa yake ya asili, na karatasi yake isibanduliwe.

Tumemwandikia daktari mkuu wa wilaya barua kuhusu ile namba ya simu, na tukijibiwa tutawajulisha hapa hapa. Wasomaji waliowahi kupatwa na tukio kama hili watuandikie kupitia ofisi ya parokia, wakitaja jina la dawa kama lilivyoandikwa kwenye chupa na walichojibiwa na muuzaji. Mazungumzo juu ya uji wa mtoto yataendelea mwezi ujao.